Zebaki haiungui: atomu, isotopu na dhahabu ya Busia

Katika machimbo madogo ya dhahabu ya wilaya ya Busia, Uganda, siku ya kazi mara nyingi huishia kwenye sigiri. Mchanga umeshaoshwa kwenye karai. Zebaki, ambayo wengine huiita makyuri, imekandwa ndani ya mchanga huo kwa mikono mitupu, kisha ikakamuliwa kwa kitambaa. Kilichobaki ni donge dogo la rangi ya fedha, pengine kama punje ya hindi. Donge linawekwa juu ya makaa. Baada ya dakika chache rangi ya fedha inatoweka na dhahabu ya njano inaonekana. Aliyekuwa akichoma anasema: "Zebaki imeungua, imekwisha."

Haijaungua, na haijakwisha. Zebaki yote iliyokuwa kwenye donge bado ipo. Imebadilisha mahali tu: imetoka kwenye kijiko ikaingia hewani, na sehemu yake imeingia katika mapafu ya waliokaa karibu. Ili kuelewa kwa nini moto haumalizi zebaki, inabidi tujue atomu ni nini. Somo hili hufundishwa sekondari na wengi wetu tulilikosa kwa sababu ya vita, karo au safari. Makala haya yanalieleza upya, kwa kutumia vitu vya mpakani Busia na Tororo.

Si habari ya mbali na sisi. Waliotoka Ituri na Kivu ya Kusini wanayajua machimbo ya Mongbwalu na Kamituga. Wakenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008 waliingia Uganda kupitia Busia na Malaba, wakapokelewa Mulanda wilayani Tororo, kabla ya wengi wao kuhamishiwa Kiryandongo. Na kwa kuwa sheria ya Uganda inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi, mkimbizi na mwenyeji wanaweza kujikuta kwenye shimo moja, wakivuta hewa moja.

Atomu ni nini?

Chukua gramu moja ya dhahabu na uigawe nusu. Gawa nusu hiyo tena, na tena. Ungekuwa na kisu chembamba kupita vyote duniani, mwishowe ungefika kwenye kipande ambacho ukikikata zaidi si dhahabu tena. Kipande hicho ndicho atomu. Katika gramu moja ya dhahabu zimo atomu nyingi mno: andika 3, kisha sifuri 21 mbele yake.

Ndogo kiasi hicho, atomu nayo ina vitu ndani. Katikati kuna kiini. Kiini kimeundwa na chembe za aina mbili: protoni, zenye chaji chanya ya umeme, na nyutroni, zisizo na chaji. Nje ya kiini zipo elektroni, zenye chaji hasi, ambazo ni nyepesi mno. Atomu ikiwa katika hali yake ya kawaida, idadi ya elektroni ni sawa na idadi ya protoni.

Sehemu kubwa ya atomu ni nafasi tupu. Kama atomu ya dhahabu ingekuwa na ukubwa wa uwanja wa mpira, kiini chake kingekuwa kama punje ya mtama iliyowekwa katikati ya uwanja. Hata hivyo, karibu uzito wote wa atomu uko kwenye punje hiyo.

Jambo hili liligunduliwa kwa kutumia dhahabu. Mwaka 1909, huko Manchester, Uingereza, Hans Geiger na Ernest Marsden, chini ya uongozi wa Ernest Rutherford, walirusha chembe ndogo za mionzi kwenye utando mwembamba sana wa dhahabu. Nyingi zilipita moja kwa moja kana kwamba hakuna kitu mbele yao. Chache zilirudi nyuma, kama mpira uliogonga ukuta. Mwaka 1911 Rutherford alieleza sababu: atomu ina kiini kidogo, kizito, chenye chaji, na pembeni yake kuna nafasi tupu.

Protoni ni namba ya kitambulisho

Atomu inajulikana kwa hesabu ya protoni zake. Yenye protoni 1 ni haidrojeni. Yenye 6 ni kaboni, ile iliyomo kwenye makaa. Yenye 26 ni chuma. Yenye 79 ni dhahabu. Na yenye 80 ni zebaki.

Soma tena namba mbili za mwisho: 79 na 80. Dhahabu na zebaki ni majirani wa mlango kwa mlango. Kinachozitofautisha kwenye kiini ni protoni moja tu inayobadilisha jina. Lakini protoni hiyo moja inabadilisha pia jinsi elektroni zinavyojipanga, na elektroni ndizo zinazoamua tabia ya kitu. Ndiyo maana dhahabu ni gumu la njano linaloyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,064 za Selsiasi, na zebaki ni majimaji ya rangi ya fedha yanayochemka kwenye nyuzi 357.

Hapo ndipo siri ya sigiri ilipo. Makaa mekundu yana joto kali kuliko nyuzi 357, kwa hiyo zebaki inachemka na kuwa mvuke. Dhahabu inabaki kwenye kijiko kwa sababu joto lake la kuchemka liko juu mno. Moto umezitenganisha, lakini haujagusa kiini cha hata atomu moja.

Moto unaweza nini, na hauwezi nini?

Tunapochoma kuni tunaona majivu kidogo, tukadhani mti umekwisha. Sivyo. Atomu za kaboni zilizokuwa kwenye kuni zimeungana na oksijeni ya hewani na kupaa kama gesi. Moto hupanga upya miungano ya atomu, kazi inayofanywa na elektroni za nje. Kiini hakihusiki. Ili kubadilisha idadi ya protoni katika kiini unahitaji nguvu kubwa kuliko moto wa makaa, wa gesi au wa tanuri la chuma mara nyingi mno.

Kwa hiyo sumu nyingi zinaweza kuharibiwa kwa moto, kwa sababu ubaya wake uko kwenye muungano wa atomu. Ukivunja muungano, sumu inakwisha. Zebaki ni tofauti. Sumu yake iko kwenye atomu yenyewe. Ukiichoma, inapaa. Ukiimwaga mtoni, inazama kwenye tope. Ukiitupa chooni, inakaa ardhini. Huko kote bado ina protoni 80.

Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, takriban asilimia 80 yake huingia mwilini kupitia mapafu, kisha damu huupeleka kwenye ubongo na figo. Kwa mjamzito, zebaki hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Kitambaa cha kufunika pua, au barakoa ya kawaida ya hospitali, havizuii mvuke huu, kwa sababu atomu hupita kwenye matundu yake bila shida. Na kunywa maziwa baada ya kazi, kama wengine wanavyoamini, hakuondoi zebaki iliyokwisha kuingia kwenye mapafu.

Sehemu inayopaa haibaki hewani milele. Hushuka na mvua na vumbi, ikaingia kwenye udongo na maji. Mto Sio unaishia Ziwa Victoria. Maji ya mto Malaba yanaelekea Ziwa Kyoga. Kwenye tope la chini ya maji, bakteria huiunganisha zebaki na kaboni na haidrojeni, ikawa kitu kiitwacho methili ya zebaki. Hii huingia kwa wadudu wadogo, wadudu huliwa na samaki wadogo, na samaki wadogo huliwa na samaki wakubwa. Kila hatua kiasi kinaongezeka. Ndiyo maana, panapokuwa na uchafuzi, samaki wakubwa wanaokula wenzao hubeba zebaki nyingi kuliko dagaa.

Dunia iliona ubaya huo Minamata, Japani. Kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki kwenye ghuba, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ulitambuliwa rasmi: viungo kutetemeka, kupoteza uwezo wa kuona na kusikia, watoto kuzaliwa na ulemavu. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki unaitwa Mkataba wa Minamata kwa kumbukumbu ya mji huo. Kenya na Uganda zote mbili ziliutia saini mwaka 2013, na ulianza kutumika Agosti 2017. Uchimbaji mdogo wa dhahabu umetajwa humo waziwazi.

Isotopu: kitambulisho kimoja, mizigo tofauti

Sasa tuzungumzie nyutroni. Fikiria kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda mwezi Februari 2018. Afisa wa uhamiaji anaangalia namba ya kitambulisho chako. Hajali begi lako lina kilo ngapi. Anayejali ni dereva wa boda boda, jina lililozaliwa hapa hapa Busia kutokana na baiskeli zilizowavusha watu mpaka. Yeye anauhisi uzito.

Protoni ni namba ya kitambulisho. Nyutroni ni begi. Atomu mbili zenye protoni sawa lakini nyutroni tofauti ni elementi ileile, ila uzito unatofautiana. Hizo ndizo tunaziita isotopu.

Isotopu hupewa jina kwa kujumlisha protoni na nyutroni. Dhahabu yote inayochimbwa ardhini ni ya aina moja: protoni 79 na nyutroni 118, jumla 197. Tunaiita dhahabu-197. Zebaki ya asili ina isotopu saba, kuanzia zebaki-196 hadi zebaki-204. Iliyo nyingi zaidi ni zebaki-202, yenye protoni 80 na nyutroni 122.

Je, kuna isotopu ya zebaki iliyo salama? Hapana. Mwili ni kama yule afisa wa uhamiaji: unaona namba 80, haupimi begi. Isotopu zote saba zina sumu ileile. Lakini tofauti hiyo ya uzito ina faida kwa watafiti. Mchanganyiko wa isotopu za zebaki hautofautiani mahali pote kwa kiasi kilekile, hivyo vipimo vya makini vya samaki au tope vinaweza kusaidia kujua zebaki ilitoka wapi, kama nyayo zinavyomwonyesha aliyepita.

Zebaki ya machimboni haina mionzi

Watu wengi wakisikia neno "atomu" hufikiria bomu, na wakisikia "isotopu" hufikiria mionzi. Si kila isotopu ina mionzi. Dhahabu-197 haina, na isotopu zote saba za zebaki ya asili hazina. Zebaki inadhuru kwa sumu yake, si kwa mionzi.

Mionzi hutokea pale ambapo idadi ya protoni na nyutroni kwenye kiini haielewani. Kiini hakitulii. Siku moja hutoa chembe au nishati, na mara nyingi kinageuka kuwa elementi nyingine. Muda unaohitajika ili nusu ya atomu zigeuke hutofautiana sana kutoka isotopu moja hadi nyingine.

Mfano mmoja uko Tororo. Jiwe kubwa la Tororo na vilima vya Sukulu ni mabaki ya volkano za kale, na Sukulu ina fosfeti inayotumika kutengeneza mbolea. Mwaka 2018 kiwanda kikubwa cha mbolea kilizinduliwa huko. Miamba ya aina hii kwa kawaida huwa na kiasi kidogo cha elementi mbili za mionzi, urani yenye protoni 92 na thori yenye protoni 90. Urani-238 huchukua takriban miaka bilioni 4.5 ili nusu yake igeuke, ndiyo maana bado ipo tangu dunia ilipoumbwa. Kugeuka polepole hivyo kunamaanisha pia kwamba inatoa mionzi kidogo kila siku. Kupita karibu na vilima hivyo si hatari. Jambo la busara ni kutorundika mawe au mabaki ya machimbo ndani ya nyumba mnamolala, wala kujengea kuta, kabla wataalamu hawajayapima. Uganda ina Baraza la Nishati ya Atomiki linaloshughulikia mambo ya mionzi, na Kenya ina mamlaka yake ya udhibiti wa nyuklia.

Mfano wa pili unaokoa maisha. Kobalti inayochimbwa Katanga, ambayo imo kwenye betri za simu, ni kobalti-59 na haina mionzi. Ikiongezewa nyutroni moja ndani ya tanuri la nyuklia inakuwa kobalti-60. Hii inatoa mionzi mikali inayoua chembe za saratani, na nusu yake hugeuka kwa miaka 5 na miezi kadhaa tu. Mashine ya kobalti ya Mulago, Kampala, ilipoharibika mwaka 2016, wagonjwa wa Uganda walilazimika kuvuka kwenda Kenya kutafuta tiba ya mionzi. Mgonjwa aliyetibiwa kwa mashine ya aina hiyo habebi mionzi kurudi nayo nyumbani, na hamwambukizi mtu. Msimtenge.

Matapeli wa zebaki

Ukijua namba 79 na 80, utajikinga pia na matapeli. Wapo wanaozunguka wakiuza "zebaki nyekundu" yenye nguvu za ajabu, au dawa inayogeuza zebaki kuwa dhahabu. Kugeuza zebaki kuwa dhahabu ni kuondoa protoni moja kwenye kila kiini, na tumeona kwamba moto na kemikali havifiki huko.

Wanasayansi wamewahi kufanya hivyo. Mwaka 1941, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliipiga zebaki kwa nyutroni na kupata dhahabu kidogo mno. Lakini zilikuwa isotopu za mionzi zisizodumu. Dhahabu-198, kwa mfano, nusu yake hugeuka kwa siku 2.7, na kinachopatikana ni zebaki. Ikiwa mashine ya gharama kubwa hivyo ilipata dhahabu isiyokaa hata mwezi, mtu mwenye chupa sokoni hawezi kukupa utajiri. Weka pesa zako.

Ufanye nini?

Kwa kuwa zebaki haiwezi kuangamizwa, kilichobaki ni mambo mawili: kuitumia kidogo au kuiacha, na kuizuia isitoroke.

Usichome donge ndani ya nyumba, jikoni au karibu na chakula. Mvuke ukipoa hushika kwenye kuta, paa na nguo, kisha huendelea kutoka polepole. Chomea nje, mbali na watu.

Watoto na wajawazito wasiwepo kabisa. Mama anayenyonyesha naye akae mbali.

Tumieni chombo kilichofungwa. Ni kikopo cha chuma chenye kifuniko na bomba. Donge linapashwa moto ndani, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa na kurudi kuwa majimaji yanayodondoka kwenye chombo cha maji. Kisifunguliwe kabla hakijapoa. Kikundi kinaweza kukinunua kwa kuchanga, na zebaki inayorudi hupunguza gharama.

Ulizeni kuhusu njia zisizotumia zebaki. Kuosha vizuri kwa bao na karai, kisha kuyeyusha kwa boraksi, kumetumiwa na wachimbaji wadogo wa Ufilipino kwa miaka mingi. Wilayani Busia kwenyewe, chama cha wachimbaji wa Syanyonja kilipata cheti cha Fairtrade, ambacho masharti yake yanabana matumizi ya kemikali kama zebaki. Ni ushahidi kwamba mchimbaji mdogo naye anaweza kubadilika.

Sufuria, kijiko au kopo lililoguswa na zebaki lisirudi jikoni kamwe. Zebaki isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya dawa, mtoto asije akadhani ni kitu cha kunywa au kuchezea.

Ikimwagika, usifagie, maana ufagio huivunja kuwa matone madogo yanayotoa mvuke zaidi. Fungua milango na madirisha, watoe watoto, ikusanye kwa vipande viwili vya kadibodi, uifunge kwenye chupa yenye kifuniko na maji juu yake.

Ukiona mikono inatetemeka, usingizi umepotea, hasira za ghafla, kusahau kupita kawaida au ufizi kuuma, nenda kituo cha afya na umwambie mhudumu waziwazi: "Nafanya kazi ya dhahabu, natumia zebaki." Bila neno hilo anaweza kutibu malaria peke yake. Kuna vipimo vya damu na mkojo vinavyoweza kuonyesha zebaki.

Hakuna anayeingia shimoni kwa kupenda vumbi. Watu wanatafuta ada ya shule, chakula cha jioni, nauli ya kurudi nyumbani siku amani itakapopatikana. Makala haya hayamwambii mtu aache riziki yake. Yanasema tu kwamba donge linapogeuka njano kwenye sigiri, jiulize rangi ya fedha imekwenda wapi. Kama huna chombo cha kuikamata, imekwenda kwako na kwa aliyekaa karibu nawe.